Nilivyopata CCRN licha ya washauri wangu

Ukitaka kuchanganyikiwa, waambie manesi wenzako kwamba unajiandaa kwa mtihani wa CCRN, cheti cha nesi anayehudumia wagonjwa mahututi. Mmoja aliniambia nisubiri nitimize miaka mitano ICU, wodi ya mahututi. Mwingine akaapa kwamba saa za zamu ya usiku hazihesabiwi. Wa tatu akashangaa najisumbua kwa lipi ilhali leseni ya RN, yaani ya nesi aliyesajiliwa, ninayo. Cheti chenyewe hakuna aliyekuwa nacho hata mmoja.

Marekani leseni hutolewa na jimbo, na bila hiyo humgusi mgonjwa. CCRN ni hiari, ya AACN, chama cha manesi wa wagonjwa mahututi cha Marekani, na ukihamia jimbo lingine unahama nayo. Wanataka leseni isiyo na doa na saa 1,750 za kuhudumia mahututi ndani ya miaka 2, 875 kati yake ziwe za mwaka wa karibuni. Usiku au mchana, saa ni saa. Njia ya miaka 5 ipo kweli, ila imewekwa kwa wenye zamu chache: saa 2,000, zikiwemo 144 za mwaka wa mwisho. Yule wa miaka mitano nadhani alisoma mstari mmoja akafunga ukurasa.

Kusoma ndiko kulikonitoa jasho. Nilisisitiziwa kitabu kimoja kinene, nikakiazima. Nilikifungua kila nikitoka zamu, na kila nikiamka nilikikuta kifuani, ukurasa uleule wa figo. Kama dawa ya usingizi nakisifu.

Kilichonivusha ni mishale. Kila nilipopokea mgonjwa wa shoki, yaani damu haifiki vya kutosha kwenye viungo, kabla sijatazama namba, nilichomoa karatasi ya kukaushia mikono nikachora safu nne: presha ya upande wa kulia wa moyo, presha ya upande wa kushoto, kiasi cha damu inayosukumwa, na ukinzani wa mishipa. Kisha nabashiri kwa mishale, juu au chini. Aliyepoteza damu: tatu za kwanza chini, ukinzani juu, maana mishipa imejibana kuitetea presha. Moyo ulioshindwa kazi: presha zote mbili juu, damu inayosukumwa chini, ukinzani juu. Sepsisi, mwili ukizidiwa na maambukizi, ikiwa bado mbichi: ukinzani chini kabisa, na moyo unasukuma kama unadaiwa. Hapo ndipo nageukia monita. Nikikosa, namfuata daktari wa zamu na karatasi yangu mpaka anieleze. Mmoja akaona bora tushindane, anayekosea alete kahawa. Nilikunywa kahawa nyingi ya bure.

Siku ya mtihani, kwenye karatasi ya rasimu, nilianza kwa kumwaga mishale yote kabla ya kujibu lolote. Maswali ni 150 kwa saa 3, na 25 kati yake hayahesabiwi, ila huwezi kuyajua. Kwa hiyo swali likikuzungusha, chagua upite. Halafu asilimia 20 ni maadili, familia, na kumsemea mgonjwa. Watu hawayasomi kwa kudai ni busara tu, kisha wanalia. Mara nyingi jibu la kumpigia meneja simu limewekwa pale kama mtego. Anza na unachoweza kufanya wewe mwenyewe kitandani kwa mgonjwa.

Ada? Dola mia mbili na ushee kwa mwanachama, mia tatu na ushee kwa asiye mwanachama, kwa hiyo jiunge kwanza. Na muulize mwajiri kabla hujatoa kadi, wengine hurudisha hela ukifaulu.

Matokeo unayapata palepale. Nilitoka nikiongea peke yangu kwenye maegesho.

Cheti kinadumu miaka 3, na kukihuisha bila kurudia mtihani kunataka saa 432 za kazi na pointi 100 za mafunzo. Pointi hizo zikusanye mwenyewe. Idara ya mafunzo ya kwetu ilipoteza rekodi za semina nzima, tena wakaniuliza mimi kama nina nakala. Siku hizi cheti cha semina nakipiga picha kabla sijainuka kitini.