Kutafuta nyumba Malindi bila dalali: muulize muuza maji

Tangu nihamie huku mtaa wa Barani, Malindi, watu hawaishi kuniuliza, kwenye simu, sokoni, hata msibani juzi mtu ananivuta pembeni, "wewe dada nyumba uliipataje na hukulipa dalali?" Haya basi naandika mara moja nimalize maneno.

Kwanza tuelewane dalali anauza nini. Nyumba si yake. Funguo hana, mara nyingi mkifika mlangoni ndo anaanza kumpigia simu keateka, yule mtunza nyumba, na keateka mwenyewe hajui kama mnakuja. Anachokuuzia ni habari tu, kwamba pahali fulani pana nyumba iko wazi, basi. Na hiyo habari kuna mtu alimpa, na yule aliyempa yuko papo hapo mtaani, unampita kila asubuhi na salamu mnapeana, na wala hakulipishi. Sasa kwa nini usiende kwake moja kwa moja?

Maana hesabu ya dalali inauma jamani. Hapa kwetu anaanza na pesa ya kuonyeshwa, mia tano, elfu moja, inategemea amekuonaje ulivyovaa, na hiyo hairudi hata kama nyumba aliyokupeleka ina choo hakina mlango. Kuna wengine wanakuzungusha makusudi nyumba mbovu tupu ili kila ukizunguka ulipe. Halafu ukichukua nyumba anataka nusu ya kodi, au kodi ya mwezi mzima. Nyumba ya elfu kumi na tano: kodi kumi na tano, depoziti kumi na tano, dalali kumi na tano, ongeza depoziti ya maji na stima na gari ya kuhamisha vyombo, unafika elfu hamsini na hujanunua hata pazia. Na wapo wabaya zaidi wanaoweka cha juu kwenye kodi yenyewe, mwenye nyumba anajua unalipa kumi na mbili, wewe unamtumia dalali kumi na nne kila mwezi, mpaka siku mnakutana arusini mnaanza kuulizana.

Na si Malindi peke yake. Binamu yangu yuko New York, aliponieleza mambo ya huko nikanyamaza kimya. Huko dalali anaajiriwa na mwenye nyumba, anamfanyia kazi mwenye nyumba, anapiga picha za mwenye nyumba, halafu bili ilikuwa inaletwa kwa mpangaji! Na si kidogo, ilikuwa inaweza kufika asilimia 15 ya kodi ya mwaka mzima. Chukua nyumba ya dola 2,500 kwa mwezi, ambayo huko wala si jumba la kifahari, mwaka ni dola 30,000, asilimia 15 yake ni dola 4,500. Kwa shilingi zetu ni karibu laki sita, ya kufunguliwa mlango tu. Watu walilalamika miaka na miaka, baraza la jiji likapitisha sheria Novemba 2024 ikaanza kazi tarehe 11 Juni 2025, inasema hivi: aliyemuita dalali ndiye amlipe. Madalali walienda kortini kuipinga lakini ikaanza. Ujerumani walishafanya hivohivo tangu Juni 2015, na Uingereza, yaani England yenyewe, ikazuia mpangaji kutozwa ada za maajenti kuanzia Juni 2019. Juni zote tatu, kumbe kuna baraka zake hahaha.

Bila shaka mwenye nyumba anaweza kujilipa kwa kupandisha kodi, hilo binamu yangu mwenyewe alisema. Lakini angalau mtu hatoi laki kadhaa kwa mkupuo kabla hajalala hata usiku mmoja.

Sisi Kenya tuna sheria ya maajenti wa nyumba, Sura ya 533, inataka anayefanya hiyo kazi awe amesajiliwa na bodi. Sasa nenda kamuulize yule kijana aliyebandika karatasi kwenye nguzo ya stima "nyumba ipo piga simu" kama anayo hiyo karatasi ya bodi. Kuna pia sheria ya kodi za nyumba, Sura ya 296, lakini inalinda nyumba ambazo kodi haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa hivyo kama hupangi chumba kwenye nyumba ya Kiswahili huko ndani haikuhusu sana. Kwa ufupi usingoje sheria ikutoe, jitoe mwenyewe.

Jambo la kwanza ni wakati. Watu wanatafuta nyumba Malindi kana kwamba ni Mombasa, wakati mji huu unaenda na wageni. Kuanzia Novemba mahoteli yanachukua watu, wapishi, wahudumu, watu wa bustani, wanatoka Kilifi, wanatoka bara, vyumba vinajaa na madalali wanavimba kichwa. Pasaka ikipita mvua ikianza, mahoteli mengine yanafunga, vibarua wanaambiwa tutawaita, na wale wengi wanafunga vyombo wanarudi kwao. Aprili mwishoni, Mei, Juni mwanzo, hapo ploti, yaani zile nyumba za kupangisha za lango moja, zina milango imefungwa kufuli mfululizo na mwenye nyumba analala hana usingizi. Ukienda wakati huo unazungumza bei ukiwa umekaa, hata depoziti unaweza kuomba ugawe mara mbili. Mimi nilihama Mei na nilifanya hivo makusudi, Disemba nilikuwa nishachoka na nyumba ya zamani lakini nikavumilia. Na ndani ya mwezi, siku nzuri ni kuanzia tarehe 25 hivi, maana anayetaka kuhama lazima awe ameshasema, na habari bado haijamfikia dalali.

Sasa nani anajua kwanza? Mimi nilikuwa naangalia watu ambao mpangaji akihama wao wanapoteza mteja. Muuza maji wa mkokoteni ndiye mkubwa wao. Malindi maji ya mfereji yanatoka Baricho kule mto Sabaki, na kila yakikatika mikokoteni inaingia mitaani, na yule mzee anajua kila mlango: huyu huchukua mitungi kumi, huyu sita, huyu wiki hii hajachukua kwa nini? Mwenye duka anajua kwa sababu ya madeni, mtu hahami bila kuja kufuta daftari, au anahama usiku na asubuhi mwenye duka ndiye wa kwanza kugonga lile lango. Mama wa mahamri na mbaazi anajua. Vijana wa pikapu na tuktuk za mizigo wanajua hata kabla ya mwenye nyumba kwa sababu wao ndio wanaoulizwa bei ya kuhamisha. Fundi rangi naye, akiitwa kupaka nyumba moja peke yake kwenye ploti, hiyo inatafuta mtu.

Nilipoamua ni Barani, kwa sababu ya kazi na kwa sababu mamangu akija matibabu asisumbuke na tuktuk mbili, nikaacha kutafuta mji mzima. Hilo nalo muhimu, chagua mtaa mmoja au miwili uzunguke kwa miguu mpaka uzoeleke. Anayetafuta Maweni na Ngala na Muyeye na Casuarina kwa pamoja atarudi kwa dalali tu. Nikawa napita jioni jua likipoa, nanunua kitu kidogo, naongea. Mzee wa maji nilimkuta ameegesha mkokoteni chini ya mwarobaini anapumzika.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mama. Wataka maji?"

"Maji nitataka nikipata pa kuyaweka. Natafuta nyumba, chumba na sebule, hapahapa."

Akaniangalia. "Uko peke yako ama na watoto?"

"Peke yangu, na mama hunijia."

"Wapenda kelele?"

Nikacheka nikamwambia hapana. Akasema kuna mwalimu wiki ijayo anahamishwa, nyumba ya mama mmoja nyuma ya msikiti, lakini huyo mama hapendi madalali na hapendi watu wa muziki, na nisiende peke yangu mara ya kwanza, nitafute mtu mzima. Yaani kwa dakika tano nimepata nyumba, sababu ya kuwa wazi, tabia ya mwenyewe, na namna ya kumwingia. Dalali gani atakupa hayo yote?

Nikaenda na shangazi yangu baada ya alasiri. Na hapa niwaambie wale mnaotoka mbali, mwenye nyumba wa huku hakuulizi payslipu kwanza, anakuuliza wewe ni wa wapi. Nikasema kwetu Lamu. Lamu wapi? Langoni. Langoni kwa nani? Hapo shangazi akaingilia kati, wakaanza kutembea na majina ya watu, huyu alimuoa yule, yule alihamia Mambrui, mpaka wakafika kwa mama mmoja marehemu ambaye wote wawili wamewahi kula kwake, na ikawa basi, chai ikaletwa. Kama huna shangazi Malindi usiogope, rafiki yangu ni nesi ametoka Kitui na alipelekwa na mfanyakazi mwenzake, mwengine alipelekwa na pasta wake. Mwenye nyumba anataka kujua tu ukileta shida ataenda kumwambia nani.

Kodi yule mama alisema elfu kumi na tatu, mwalimu alikuwa analipa kumi na mbili, hilo mzee wa maji alishaninong'oneza hahaha. Tukakubaliana kumi na mbili.

Lakini usikubali kwa sababu umekunywa chai. Angalia nyumba. Fungua mifereji yote, na uonje maji, usione haya, maana kama ni ya kisima na uko karibu na bahari yanaweza kuwa na chumvi, sabuni haitoi povu na sufuria zinaliwa. Uliza tangi ni la nani, la nyumba moja au la ploti nzima. Uliza stima, mita ni yako peke yako unanunua tokeni zako ama mnachangia, maana kuchangia kukiwa na jirani ana friji ya biashara ya barafu utalia. Halafu upepo! Watu wanasahau upepo. Hapa kusi hutoka upande wa kusini mashariki kuanzia kama Aprili hivi, kaskazi huja mwisho wa mwaka mpaka Machi na ndo miezi ya joto lenyewe. Chumba kina dirisha moja tu linatazama ukuta wa jirani, juu mabati bila dari, Februari hutalala humo, utalala barazani. Ukienda kutazama nyumba Juni kila nyumba ni nzuri, kwa hivyo simama chumbani ufikirie Februari.

Malipo: usitume hata shilingi kwa nyumba hujaingia ndani yake. Hizi za Facebook picha nzuri, vigae vinang'aa, "niko nje ya mji tuma depoziti nikushikie", ni wizi, picha zimetolewa kwengine. Ukituma kwa M-Pesa soma jina linalotokea kabla hujaweka namba ya siri, na liwe la yule uliyekaa naye barazani, si la kijana wa kati. Andikiana hata karatasi ya daftari: kodi, depoziti inarudi lini, notisi muda gani, rangi nani anapaka. Yule mama mwenye nyumba aliona kama namdharau nilipotoa karatasi, shangazi akamwambia "ni kwa ajili ya kufa na kupona, bibi," akatia sahihi.

Mzee wa maji nilimpa mia tano baada ya kuhamia. Najua kuna mtu atasema si umelipa dalali huyo, tofauti iko wapi. Tofauti ni kwamba hakuitaka, hakunifungia habari mpaka nilipe, na kama ningemwambia ahsante tu angeniambia karibu. Na saa hii maji nachukua kwake. Sina ugomvi na dalali anayefanya kazi, yuko mmoja hapa mjini anakutafutia kweli, anakuonyesha nyumba nzima bila senti na akikukosea anarudi nawe tena, huyo ukimwita wewe mlipe bila kununa. Ninayemkataa ni yule anayesimama katikati ya mtu na mtu ambao wangekutana wenyewe.

Wa Lamu mlioniuliza, kule mambo ni tofauti kidogo. Mji wa kale nyumba zinajulikana kwa ukoo, na nyingine ni za ndugu wengi hawajagawana, kwa hivyo hata ukipata mtu wa kukukaribisha uliza kama ndugu zake wamekubali, la sivyo utalipa kodi kwa kaka na dada atakuja kudai. Kijiji cha Shela nyumba nyingi wenyewe wako ng'ambo na anayejua ni mlinzi au mtu wa bustani, si watu wa barazani. Na gari ya kuhamisha hakuna, hesabu punda na hamali, na kitanda kipime kabla, maana kuna vichochoro hakipiti na kuna ngazi za nyumba za mawe hakikati kona.