Pampu ya mafuta inayochoka gari likishapata moto: nilivyoikamata kwenye Eunos Roadster

Ukimiliki gari la spoti la zamani hapa Dar, kila anayepita ni fundi. Langu ni Eunos Roadster ya 1990, ile ya injini ya 1.6, na lilikuwa na ugonjwa mmoja tu: asubuhi linawaka mara moja na kukimbia vizuri, ila likikaa kwenye foleni ya Mwenge jua la saa nane, linaanza kukohoa, ukikanyaga mafuta linazidi kulegea, kisha linazima. Liache lipoe nusu saa, linawaka kama halikuwa na lolote.

Ushauri nilioupata ungejaza daftari. Badilisha plagi. Badilisha koili. Osha nozeli. Toa thamostati. Filta imeziba. Huyu wa filta angalau alikuwa karibu na ukweli, lakini filta iliyoziba haizibuki yenyewe kwa kupumzika chini ya mwembe. Kitu kinachokufa kwa joto na kufufuka kwa baridi kwa kawaida ni cha umeme: koili, igniti, sensa ya kemshafti, rilei, au mota ya pampu. Basi, hapo orodha imeshapungua.

Kutenganisha upande wa moto wa plagi na upande wa mafuta hakuhitaji kifaa chochote. Gari likizima huku bado linatembea kwenye gia, tazama mshale wa RPM. Ukidondoka sifuri ghafla wakati magurudumu bado yanaizungusha injini, tafuta kwenye sensa na igniti. Ukishuka taratibu pamoja na mwendo, huku injini ikikohoa kabla ya kufa, injini ina njaa ya mafuta. Wangu ulishuka taratibu.

Sasa hili linaniudhi kuliko yote: "Weka swichi ON, sikiliza pampu ikilia kwa sekunde mbili. Kimya? Imekufa." Kwenye magari mengi ya siku hizi, sawa. Kwenye Roadster ya 1.6 pampu hailii ukiweka ON, hata ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Inapata umeme wakati wa kupiga stata, na baada ya hapo inashikiliwa na swichi ndogo iliyo ndani ya mita ya hewa: injini ikivuta hewa, kibamba kilicho ndani ya mita hiyo kinafunguka na swichi inaruhusu rilei ya pampu iendelee. Ndiyo maana gari likiwaka wakati wa stata na kuzima mara tu unapoachia funguo, usiguse pampu. Angalia swichi hiyo, au mpira wa hewa kati ya mita na throto. Ukipasuka, hewa inapita pembeni na kibamba hakifunguki. Kujaribu ni rahisi: weka ON, toa filta ya hewa, sukuma kibamba kwa kidole. Pampu ikilia nyuma ya viti, upande huo mzima.

Njia nyingine ya kuiwasha bila injini ni kijisanduku kilichoandikwa DIAGNOSIS kwenye boneti. Fungua kifuniko, ramani ya pini imechorwa ndani yake. Unganisha F/P (pampu ya mafuta) na GND (ethi, yaani upande hasi) kwa kipande cha waya, weka ON, pampu inazunguka mfululizo. Nilifunga geji ya presha kwa tii (kiungo cha njia tatu) ya milimita 8 kwenye mpira unaoleta mafuta kwenye reli ya nozeli. Geji ikasoma PSI 43. Kiwango cha gari hili, mpira wa vakyumu wa regulata (kidhibiti cha presha ya mafuta) ukiwa umechomolewa, ni kati ya 38 na 46. Ukirudishwa injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa, presha inashuka hadi 30 na kitu, mwisho 38. Fundi aliyekuwa amesimama hapo akaniambia, "Bosi, pampu nzima hiyo, usichome hela." Ilikuwa nzima kweli, saa moja asubuhi, gari limelala usiku kucha.

Pampu ya namna hii haipimwi gereji. Inapimwa ikiwa imeshaanza kuumwa.

Kwa hiyo nikafanya hivi. Nilinunua mpira mrefu wa geji, unaohimili presha ya mfumo wa nozeli na siyo ule laini wa kuongozea mafuta, nikaupitisha kwenye uwazi wa nyuma ya boneti karibu na waipa, na geji nikaifunga kwa tepu nje ya kioo, ikinitazama. Nje, nasisitiza. Usiingize mpira wenye petroli ndani ya kebini hata kama geji yako ni nzuri vipi. Kila kiungo kilikuwa na klempu ya skrubu, na zimamoto ilikaa kwenye kiti cha abiria. Kisha nikainua zulia la nyuma ya viti, nikafungua kifuniko cha bati kilicho juu ya tangi, nikachomeka pini mbili nyembamba nyuma ya plagi ya pampu, chanya na ethi, na kuzivuta hadi kwenye multimita iliyolala mapajani. Tangi lenyewe halikufunguliwa, kwa hiyo hakuna harufu. Watoto wa kituo cha bodaboda walidhani ninatega bomu.

Faida ya mtego huu ni kwamba unaona presha na umeme kwa wakati mmoja. Presha ikianguka pamoja na volti, mwizi ni waya, rilei au ethi. Presha ikianguka na volti zikabaki palepale, mwizi ni pampu.

Volti zilinipa kesi ya kwanza kabla sijatoka getini: betri 13.8, pampuni 11.2. Ethi ilikuwa na kutu. Nilipoisugua kwa msasa ikapanda hadi 12.9. Hiyo peke yake ingeweza kunifanya nishangilie na kufunga boneti. Nikaenda foleni.

Robo saa ya kwanza, PSI 34 sailensa, na kila nikikanyaga mshale unaruka juu kama 8 hivi. Ndivyo inavyotakiwa: vakyumu ikipungua, regulata inapandisha presha. Kadiri joto lilivyopanda mshale ukaanza kutetemeka, kisha ukageuza tabia. Nikikanyaga, badala ya kupanda, unashuka. 28. 22. Ulipofika 15 gari likakohoa. Multimita bado inasoma 12.8.

Nikasogea pembeni nikamalizia na jaribio la regulata, kwa sababu regulata inayovuja inafanana sana na pampu dhaifu. Waya kwenye F/P na GND, kisha bana mpira wa kurudishia mafuta kwa koleo lililofungwa kitambaa, sekunde mbili tatu tu. Pampu nzima inaruka hadi 64 na kuendelea. Yangu ilijikongoja hadi 30 ikakwama. Kama ingeruka, ningebadilisha regulata na kuiacha pampu.

Kufungua ni kazi ya mchana mmoja. Chomoa plagi ya pampu na uache injini iungue mafuta hadi ijizime, presha itoke. Chomoa betri. Futa vumbi lote juu ya tangi kabla ya kulegeza skrubu hata moja, maana likiingia ndani utafungua tena. Pampu nilipata eneo la Gerezani, hapa Dar, kwa laki na ushee baada ya kubishana. Za bei ya chini zipo, na kelele zake utazisikia. Usidanganywe na ile ya lita 255 kwa saa kwa injini ya kawaida: inaweza kuizidi nguvu regulata na kukuachia presha ya juu sailensa.

Badilisha pia chujio la chini ya pampu na gasketi. Na kile kipande kifupi cha mpira kati ya pampu na bomba ndani ya tangi: kiwe cha kuzamishwa kwenye petroli, kimeandikwa R10. Mpira wa kawaida wa mafuta umetengenezwa kuloa kwa ndani tu. Ukizama mzima unavimba na kupasuka, na pampu mpya itakuwa inasukuma petroli kuirudisha tangini huku wewe ukiilaumu.

Ile ya zamani niliikaushia juani siku kadhaa kisha nikaikata. Brashi za kaboni zilikuwa zimebaki kidogo sana, na shaba zinakosugulia ilikuwa imechimbika mfereji. Ikiwa baridi zinagusana. Joto likipanda, mgusano unalegea na mota inapoteza kasi. Petroli ndiyo inayoipoza, kwa hiyo anayetembea na taa ya mafuta ikiwaka kila siku anaipika.

Baada ya pampu mpya nilirudi foleni na geji palepale kiooni: 34 sailensa, 43 nikikanyaga, saa nane mchana. Kisha nikaitoa tii na kurudisha mpira mzima, kwa sababu tii za plastiki hupasuka kwa joto la boneti.