Kwenye katuni za familia, mashoga nao waachwe wagombane bwana

Ukizitazama hizi katuni za familia za Kimarekani kwa muda mrefu utagundua mume na mke wana ruhusa ya kukosana kila wiki. Fred na Wilma wa The Flintstones walianza kuzozana mwaka 1960 na mpaka leo fomula ni ileile, mume anafanya upuuzi, mke ananuna, dakika ishirini na kitu zikiisha wameshapatana. Na sio kelele tu jamani. Kuna episodi ya The Simpsons ya mwaka 1990 ambayo mi kila nikiirudia inaniuma, Homer kasahau bethdei ya mkewe, anakimbilia madukani dakika za mwisho anamnunulia mpira wa boling, halafu matundu yametobolewa kwa saizi ya vidole vyake yeye na jina lililochorwa juu ni lake yeye! Marge kwa hasira anaamua kwenda kucheza mwenyewe, huko anakutana na mwalimu anaitwa Jacques, mwanaume wa maneno matamu, na mambo yanaenda yanaenda mpaka inafika siku yuko kwenye gari njia panda, upande mmoja kwa Jacques, upande wa pili kazini kwa mumewe. Kabla ya hapo Homer ameshahisi kuna kitu ila hana ubavu wa kuuliza, anachoweza kusema ni kumsifia jinsi anavyotengeneza sandwichi za siagi ya karanga na jeli, kwamba kwa wengine jeli inachuruzika pembeni ila kwake haichuruziki. Basi. Hiyo ndo sentensi ya mwanaume anayeogopa kuachwa, na ukiisikia unajua hawa watu wameishi pamoja.

Sasa njoo kwa wahusika mashoga. Wapo, tena wapo miaka mingi, ila angalia wanaletwa kufanya nini. Wanaletwa ili mume na mke wapate cha kugombania.

Chukua ile episodi maarufu ya The Simpsons ya mwaka 1997, ile aliyoweka sauti John Waters mwenyewe, yule dairekta wa filamu. Anaigiza mwenye duka la vitu vya zamani, anaitwa John pia, mcheshi, familia nzima inampenda, Homer anacheza naye muziki sebuleni kabisa, kesho yake Marge anamwambia hivi hukujua kama John ni shoga? Homer anachanganyikiwa. Anaanza kumwogopea mwanawe Bart, anamkalisha mbele ya bango la sigara lenye picha za wanawake akitegemea litamnyoosha, anampeleka kiwanda cha chuma akaone wanaume wa kweli, kumbe kiwanda kizima ni mashoga na kazi ikisimama panageuka disko. Nilicheka sana, na ile episodi inastahili tuzo ya Emmy iliyopata, siwezi kubisha, inayochekwa pale ni hofu ya Homer na sio John. Ila jiulize, John ana mtu nyumbani? Anapenda nani, anakosana na nani? Hatuambiwi. Ugomvi wote ni wa Homer na Marge, John ni kesi iliyoletwa mezani, na ikiisha anaondoka zake.

Katuni ya Family Guy walifanya hivyohivyo mwaka 2006, binamu wa Brian, mbwa wa familia ile, anayeitwa Jasper anataka kuoana na mwanaume mwenzake na anayeumia kichwa ni Lois, mama wa nyumba ile, ambaye anabadilisha msimamo baada ya kwenda kwa wazazi wake na kuona ndoa yao wenyewe ilivyo vurugu tupu. Ujumbe mzuri, sawa, lakini tena tumeishia kuijadili ndoa ya mwanaume na mwanamke.

Anayeniuma zaidi ni Patty wa The Simpsons, dada yake Marge. Mwaka 2005 Springfield, mji wanaoishi, inahalalisha ndoa za jinsia moja ili ipate hela za watalii, Homer anajipatia uchungaji mtandaoni anafungisha ndoa kwa malipo, na kituo cha Fox waliweka onyo kabisa mwanzoni kwamba wazazi waangalie. Patty anatangaza kwamba anapenda wanawake na ana mchumba. Marge, yuleyule aliyekuwa anaunga mkono wengine, akiguswa ndani ya familia anashindwa kumeza, na hapo waandishi wamepatia kabisa maana watu wa hivyo wapo wengi. Halafu mwishoni inakuja kugundulika mchumba ni mwanaume aliyejifanya mwanamke, harusi inakufa madhabahuni. Hii ilikuwa njia rahisi sana ya kukwepa kazi. Walimpa Patty harusi ili wasimpe ndoa, maana ndoa ingewalazimu kuonyesha Patty anarudi jioni amechoka, mwenzake kaacha vyombo, wananuniana.

Katuni ya American Dad kidogo walijaribu. Greg na Terry ni majirani wa Stan na mkewe Francine, wote watangazaji wa habari, wanabishana wanapendana, ni wanandoa kweli. Francine anakubali kuwabebea mimba, mtoto anazaliwa, Stan anamteka huyo mtoto akiamini anamwokoa, yaani hapa hata kesi ya Stan na mkewe ina watu wa kweli upande wa pili wanaolia mtoto wao yuko wapi. Lakini Mike Barker, mmoja wa waanzilishi na ndiye aliyekuwa sauti ya Terry, alipoondoka, Terry naye akaondolewa, tukabaki na Greg aliyeachwa. Wapenzi walioishi pamoja miaka yote ile na hata ugomvi wa kuachana hatukupewa tuuone. Katuni ya BoJack Horseman walipowaachanisha Diane na mumewe Mr. Peanutbutter walituandaa sizoni nzima, kuna tukio wako kwenye gari Diane analia kwa sababu mumewe kamjengea maktaba aliyowahi kuiota utotoni, na yeye badala ya kufurahi amechoka. Uchovu wa namna hiyo ndo ninaoutaka kwa hawa wengine.

Smithers wa The Simpsons? Miongo mizima alikuwa utani wa kumpenda bosi wake Burns tu. Mwaka 2021 wakampa mpenzi, mbunifu wa mavazi anaitwa Michael, na wakaachana kwa sababu biashara ya Michael inachafua mazingira. Episodi moja! Ila angalau waliachana kwa jambo lao wenyewe, hakuna aliyeombwa awakubali.

Wa mwisho ni The Great North, ilianza 2021, na hawa ndo walinifurahisha mimi. Ham, kijana wa nyumbani, anakusanya familia anawaambia kwamba yeye ni shoga, wanamjibu ulishatuambia, tunajua, tunakupenda, na mada imekwisha hapo. Wanarudi kwenye tatizo halisi la nyumba ile ambalo ni baba, Beef, ambaye mkewe alimkimbia na mwanaume mwingine na yeye bado anawaambia watu kwamba mke huyo aliliwa na dubu.