Televisheni za Kichogo na Malimba ya Wagogo

Kwa mafundi wengi wa hapa Dodoma, televisheni ya kichogo, ile ya zamani yenye mgongo mnene, ikishakufa haina thamani zaidi ya shaba iliyomo ndani yake. Ndiyo maana zinanivutia sana kazi za Ei Wada, msanii wa Kijapani aliyezaliwa mwaka 1987, ambaye ameamua kuyapiga masanduku hayo kama ngoma, katika nchi ambayo matangazo ya analojia yalianza kuzimwa kwa upana mwaka 2011 na kuyaacha mengi bila kazi.

Picha ya kichogo huchorwa na mwale wa elektroni unaofagia kioo mstari kwa mstari, na nchini Japani kioo kizima hufagiwa takriban mara 60 kwa sekunde. Wada huonyesha kiooni milia ya mlalo, myeusi na myeupe; mwale unapopita juu yake, umeme ulio mbele ya kioo hupanda na kushuka, na mkono wake ukisogea karibu, mwili huupokea kama antena na kuupitisha katika waya uliofungwa mguuni hadi kwenye amplifaya ya gitaa. Milia ikiwa mingi, sauti huwa nyembamba zaidi. Katika mradi wa Electronicos Fantasticos!, alioanzisha mwaka 2015, feni kuukuu nazo zimegeuzwa ala.

Wapo wanaopendelea Tenori-on, ala ya vitufe 256 vyenye taa ambayo msanii wa Kijapani Toshio Iwai aliibuni pamoja na Yamaha na kuzinduliwa mwaka 2007. Inapendeza machoni, lakini kwa sikio langu la Kigogo sauti yake ni safi kupita kiasi. Fundi wa huku kwetu wa malimba, ala ya sanduku lenye fito za chuma zinazopigwa kwa vidole, hutoboa tundu kwenye sanduku na kulibandika utando wa buibui, makusudi, ili kila ufito wa chuma unapobonyezwa sauti itoke na mvumo wa kukwaruza. Mvumo huo ndio uliosikika hata ughaibuni kupitia mwanamuziki wa Kigogo, marehemu Hukwe Zawose. Wada naye amejenga muziki wake juu ya mngurumo ambao fundi wa televisheni angeuhesabu kuwa hitilafu.

Ningependa vijana wa huku wajaribu jambo hili, ila wasifungue kichogo: mrija wake hutunza umeme wa maelfu ya volti hata baada ya kuchomolewa, na Wada hupiga kwa nje, juu ya kioo.