Friza ni ya Kutunza Moto

Jumapili, Julai. Baridi ya Arusha imekaza, na maharage mapya yameanza kumiminika soko la Kilombero. Huu ndio msimu wa kujaza kabati, bei ingali rafiki.

Wengi hununua friza wakiwaza nyama. Ila ipigie hesabu sufuria ya makande: mahindi na maharage hayagharimu sana, kinachomaliza hela ni gesi au mkaa. Kwa hiyo kilichokula moto mwingi ndicho kiingie friza, tena kikiwa kimeshaiva. Maharage, mahindi ya makande, kisamvu, supu ya makongoro. Mchele, tambi, unga na dagaa vinaiva upesi, vibaki kabatini.

Na moto wenyewe huku juu hauna nguvu ileile. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi. Moshi mjini, kwa kuwa ni chini zaidi, ni karibu 97. Maharage yaliyoiva vizuri kwa shemeji Moshi yatakuchelewesha Arusha, halafu utalaumu mbegu. Presha kuka inapunguza sana tofauti hiyo, na kwa maoni yangu ni chombo cha kununua kabla hata ya friza.

Kilo moja ya maharage, chambua, osha, loweka kwenye maji lita 3 usiku kucha. Asubuhi mwaga maji hayo. Kwenye presha, maji yapite maharage kwa vidole viwili, na usijaze chungu kupita nusu kwa sababu povu huziba tundu la mvuke. Dakika 20 hadi 25 tangu lianze kupiga mluzi. Kwenye sufuria ya kawaida ni saa moja na nusu au mbili, na dakika 10 za mwanzo yatokote kwelikweli: maharage mekundu hasa yana sumu ya asili inayoleta kutapika, na moto wa kufukuta hauiui. Yasipolainika kabisa, mara nyingi ni ya zamani, yamekaa kwenye joto na unyevu. Au umetia nyanya mapema. Chumvi inasingiziwa bure. Mwenye kosa ni uchachu wa nyanya na ndimu. Magadi yatalainisha, sawa, lakini yanaondoka na vitamini B na kuacha ladha ya sabuni ukizidisha.

Makande yana mtego wake. Vikombe viwili vya mahindi yaliyokobolewa kwa kimoja cha maharage, lakini viloweke mbalimbali. Mahindi yatangulie jikoni kama saa nzima ndipo maharage yafuate. Ukivitia pamoja, maharage yatavurugika uji na mahindi yangali yanagonga meno.

Sasa kugandisha. Weka sufuria kwenye beseni la maji baridi, koroga, ipoe ndani ya saa mbili. Ukiingiza chakula cha moto utayeyusha cha jirani. Gawa kwenye makopo manne (yale ya aiskrimu yanatosha kabisa), kila kopo mlo mmoja, na mchuzi ufunike maharage, maana yaliyobaki wazi hukauka na kupasuka maganda. Acha nafasi ya kidole kimoja juu, barafu inatanuka. Andika tarehe. Miezi mitatu ladha bado ipo.

Gandisha bila kuunga. Kitunguu, karoti, nyanya na karanga viingie siku ya kula. Maziwa hukatika yakigandishwa, kwa hiyo hata loshoro, gandisha mahindi tu, maziwa mgando yaje mwishoni. Kiazi mviringo cha vipande kikiyeyuka kinakuwa sponji yenye maji. Ila kikipondwa ndani ya mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, hakina shida, na mtori uliopondwa vizuri unaganda vizuri. Ukiupasha, ongeza nusu kikombe cha supu na uukoroge mpaka urudi kuwa laini. Mnafu na sukuma: maji ya moto dakika mbili, kisha maji baridi, kamua, finyanga matonge. Ukiruka hatua ya maji ya moto, majani yanaendelea kuchakaa humohumo kwenye barafu.

Kabatini, adui ni fukusi na unyevu. Maharage yaliyokauka sawasawa yajaze kwenye dumu kavu hadi shingoni, funga kabisa. Wadudu wanakosa hewa. Dona usinunue la mwezi. Kiini cha mahindi kina mafuta, linaanza kuchacha mapema kuliko sembe. Karanga au mahindi yenye ukungu tupa, sumukuvu haitoki kwa kupika.

Umeme ukikatika, usifungue mlango. Friza iliyojaa inashika baridi kama saa 48, iliyo nusu kama 24. Gandisha kikombe cha maji, weka juu yake sarafu ya shilingi 200, kiache humo siku zote. Ukirudi safari ukaikuta bado juu, pika. Ukiikuta imezama mpaka chini, ujue vyote viliyeyuka vikaganda tena: mwaga, hata kama havinuki.