Sentimita 25 zilizokosekana sandukuni

Kazi ya kwanza niliyoachiwa peke yangu nikiwa mhandisi jiolojia ilikuwa kusoma mwamba wa mlima uliotakiwa kukatwa ili barabara ipite. Wachorongaji walikuwa wakitoa sampuli za mwamba, mfano wa vigongo vya mviringo, nami nikizipima zikiwa zimepangwa kwenye masanduku ya mbao. Sanduku kwa sanduku, mwamba ulionekana safi. RQD, kipimo cha ubora wa mwamba alichobuni mhandisi Don Deere miaka ya 1960, ilinipa wastani wa 78. Unajumlisha vipande vizima vya sentimita 10 na zaidi, unagawa kwa urefu wa mkato, yaani kipande cha shimo kilichochorongwa kwa mkupuo mmoja, unapata asilimia. Kuanzia 75 hadi 90 mwamba huhesabiwa kuwa mzuri. Ripoti nilikuwa nimeshaianza.

Kilichonirudisha kwenye masanduku ni hesabu ndogo. Mkato mmoja wa mita 3, kwenye kina cha mita 14 hivi, ulikuwa na mita 2.75 tu za mwamba. Sentimita 25 hazikuwepo. Nilikuwa nimeandika "upotevu" na kupita, kama wengi tunavyofanya, kwa kuwa upotevu mdogo ni jambo la kila siku.

Nilimfuata fundi wa mtambo, mtu aliyechoronga miaka mingi kuliko umri wangu wa kazi. Nikamuuliza, "Mzee, hapa pa mita 14 palikuwaje?" Hakusita. "Mhandisi, pale mtambo ulizama ghafla kama umekanyaga uji, na maji yaliyorudi juu yakageuka rangi ya majivu." Jambo hilo halikuwa kwenye karatasi yoyote. Hakuna aliyemuuliza, nami nikiwemo.

Usiku ule nilikaa na kumbukumbu za visima vyote, yaani mashimo tuliyochoronga. Mwanzoni sikuona uhusiano, maana upotevu ulikuwa kwenye vina tofauti: mita 14 hapa, 21 pale, 9 kwingine. Nilipoacha kina na kutumia mwinuko kutoka usawa wa bahari, visima vitatu vikaanza kusema kitu kimoja. Pointi tatu zinatosha kuchora bapa, yaani uso ulionyooka, na bapa lile la tabaka dhaifu lililala nyuzi 18 kuelekea upande tutakaokata. Lingetokeza nje ukutani, juu kidogo ya barabara.

Mkuu wa mradi hakufurahi nilipoomba kisima kingine, na simlaumu, kwa sababu siku za mtambo ni ghali. Sikumpelekea maneno mengi. Nilimpelekea lile sanduku, nikaweka kipande cha ubao chenye urefu wa sentimita 25 mahali palipokosekana mwamba, nikamwambia, "Mkuu, hiki ndicho tusichokijua." Akakubali kisima kimoja.

Tulichoronga mita 2 tu kutoka kisima cha zamani, kwa bomba la kuta tatu, ambalo ukuta wake wa ndani kabisa huipokea sampuli ili maji yasiioshe. Mikato ikawa mifupi, maji kidogo, mwendo wa taratibu. Bomba lilipofunguliwa, katikati ya mwamba uliosagika palikuwa na udongo wa mfinyanzi wa kijivu, unene wa sentimita 6. Niliupasua kwa kisu. Ndani ulimetameta kama sabuni iliyolowa, na juu ya uso ule laini kulikuwa na mikwaruzo myembamba, yote ikielekea upande mmoja. Mlima ule ulikwishawahi kuteleza zamani, japo kidogo.

Kipande kingine nilikifunga kwa plastiki na nta kisipoteze unyevu, kikaenda maabara. Majibu yalirudi: baada ya kuteleza, pembe yake ya msuguano, yaani mwinamo ambao ukizidi msuguano peke yake hauwezi kuzuia kuteleza, ilikuwa nyuzi 13. Tabaka limelala 18. Maana yake tungekata mguu wa mlima na kilicho juu kisingekuwa na cha kukishikilia, hata kabla mvua haijaongeza shinikizo la maji ndani ya tabaka.

Nilifikiria sana Vajont, Italia, tarehe 9 Oktoba 1963. Zaidi ya mita za ujazo milioni 250 za mlima ziliteleza juu ya matabaka membamba ya mfinyanzi yaliyokuwa kati ya mawe ya chokaa, zikatumbukia bwawani, na wimbi lililoruka juu ya ukuta likaua watu karibu 2,000. Ukuta wenyewe ulibaki umesimama.

Usanifu wetu ulibadilishwa: barabara ilisogezwa mbali na mlima, kiasi cha mlima cha kukatwa kikapunguzwa, nanga za chuma zikapitishwa hadi mwamba imara chini ya tabaka, na mabomba yenye matundu yakachomekwa kwa ulalo ili kutoa maji. Nilifunga piezomita mbili, vifaa vya kupima shinikizo la maji ardhini. Masika ya kwanza nilikuwa pale kila asubuhi. Mabomba yalitiririsha maji ya rangi ya majivu kwa siku chache, kisha yakawa meupe, na usomaji wa piezomita haukupanda.