Siku yangu leba hapa Kigoma, na ule mfuko wenye mistari wa kupimia damu mama akishajifungua

Saa 1 na nusu asubuhi. Napokea ripoti kwa dada wa usiku, watatu wamejifungua salama na mmoja njia imefunguka sentimita sita. Kabla ya chai nafungua friji ya dawa nasoma kipimajoto, maana oksitosini, ile sindano ya kuzuia mama asitoke damu nyingi akishajifungua, inatakiwa ikae nyuzi 2 mpaka 8, ikipata joto inaishiwa nguvu na kwa macho huwezi kujua, chupa ni ile ile tu. Usiku umeme ulikatika ila bado iko 6, tuko sawa.

Saa 2. Napanga trei ya dharura: traneksamiki gramu moja (dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke), kanula, dripu, katheta, glovu. Hapa huwa sitaki mchezo kabisa, kuna kituo nilifanya kazi zamani dawa ilikuwepo lakini funguo ya stoo ilikuwa mfukoni kwa mtu yuko semina. Sasa hapo mwongozo unamsaidia nani?

Saa 4. Mwanafunzi wa uuguzi kaniuliza, "Dada, mfuko wa nini wakati damu tunaiona?" Swali zuri sana. Nikachukua kanga kuukuu, nikamwaga nusu lita ya maji ya rangi, nikamuuliza yeye na wenzake hapo ngapi? Mmoja kasema mililita 200, mwenzake 300. Ndo nikawaeleza utafiti wa E-MOTIVE uliotoka 2023, hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na hapa kwetu Tanzania, wanawake zaidi ya laki mbili. Kwa utaratibu wa zamani wa kukadiria kwa macho, kama nusu ya waliotoka damu nyingi hawakugundulika, kwa mfuko wakagundua 93 kwa kila 100. Na kwa sababu matibabu yote yalitolewa kwa mpigo, bila kujaribu moja na kusubiri, kutoka damu lita nzima au zaidi, upasuaji wa kuzuia damu na vifo vya kutoka damu, ukivijumlisha vilipungua kwa asilimia 60. Asilimia 60 jamani!

Saa 7 mchana. Yule mama wa sentimita sita, kaja kwa boti toka kijiji cha ziwani na mama mkwe wake, kajifungua mtoto wa kike. Kondo limetoka vizuri, sindano kapata, lakini mfukoni damu inapanda, imegusa mstari wa 300 na mapigo 116. Hatukusubiri ifike 500, ule mstari wa kusema damu ni nyingi. Nikaita, mmoja anakanda mji wa uzazi, mwingine dripu ya oksitosini, mimi nachoma traneksamiki, kibofu tukakitoa mkojo, tukakagua kama kachanika. Mama mkwe mlangoni, "Mwanangu, mbona mnakimbia?" "Tunamuwahi mama, kaa hapo karibu naye." Ikasimama 450.

Saa 9. Presha 110 kwa 70, ananyonyesha, anaulizia samaki, migebuka. Naandika kila kitu kwenye rejista, mpaka dakika, kwa sababu Jumatatu huwa tunakaa wote na zile namba, hata mhudumu wa usafi yupo, na kwa maoni yangu kile kikao kimetubadilisha kuliko bango lolote la ukutani.

Saa 9 na nusu. Nimejaza trei upya. Mifuko imebaki michache mno, nimeshamwambia mganga mfawidhi kesho tukae kabla bajeti haijapelekwa, iingie mifuko kwanza, viti vya ofisi vitasubiri.